Methali Moja kwa Mwaka Mzima: Mwongozo wa Kuchagua Kaulimbiu ya Mwaka Mpya

Mwaka mpya unapokaribia, watu wengi huandika orodha ya mambo wanayotaka kuyabadilisha katika maisha yao, na si ajabu orodha hizo kusahaulika kabla mvua za masika hazijaanza kunyesha. Kusahaulika huko hakutokani kila mara na uvivu wala na upungufu wa nia njema, bali mara nyingi hutokana na ukweli kwamba orodha ndefu haimsaidii mtu anapokabiliwa na uamuzi mdogo wa siku ya kawaida, kama vile kukopa au kutokopa, kujibu kwa hasira au kunyamaza, kulala au kumaliza kazi iliyobaki. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo ni kuchagua kauli moja fupi, hasa methali, na kuitumia kwa miezi kumi na miwili kama kipimo cha maamuzi ya kila siku.

Kauli ya namna hiyo inaitwa hapa kaulimbiu ya mwaka, yaani maneno machache ambayo mtu, familia au kikundi hukubali kuyarejea kila panapotakiwa uamuzi unaohusu jambo lililo gumu kwao. Kaulimbiu haina budi kutofautishwa na mambo mawili yaliyo karibu nayo. Nia ni mwelekeo wa moyo kuelekea jambo fulani, nao huweza kuwapo bila maneno yoyote. Azimio ni ahadi yenye kipimo na kikomo, kama vile kuweka akiba ya kiasi fulani kufikia mwezi fulani. Kaulimbiu husimama katikati ya hayo mawili, kwa kuwa huibeba nia katika maneno yanayokumbukika na wakati huohuo huzaa maazimio madogo madogo kadiri mwaka unavyosonga. Hoja inayoshikilia mwongozo huu mzima ni kwamba thamani ya kaulimbiu haipimwi kwa uzuri wa maneno yake, bali kwa idadi ya maamuzi ambayo yangekwenda njia nyingine kama isingekuwapo.

Kwa nini methali

Mtu anaweza kutunga kaulimbiu yake mwenyewe, lakini msemaji wa Kiswahili ana hazina iliyo tayari, na kuna sababu tatu za kuianzia hazina hiyo. Kwanza, methali nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa pande mbili zinazosawazishana kwa mizani au kwa vina, kama inavyoonekana katika "Haba na haba hujaza kibaba" na katika "Mali bila daftari hupotea bila habari", na usawa huo ndio unaozifanya zikae kichwani bila juhudi. Pili, methali imekwisha kupita katika maisha ya watu wengi kabla ya kumfikia anayeichagua, kwa hiyo inabeba sababu yake ndani yake: haitoi amri tupu, bali huonyesha kitendo na matokeo yake. Tatu, methali ni mali ya jamii nzima, na kwa hiyo mama, mume, mke, jirani au rafiki anaweza kumkumbusha mtu kwa maneno hayo bila kumvunjia heshima, jambo ambalo ni vigumu kwa karipio la moja kwa moja.

Desturi ya kuchagua kauli moja kati ya nyingi kulingana na hali ya mtu si ngeni katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kanga ina sehemu tatu zinazojulikana, yaani pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, ambalo ni maandishi yaliyo upande wa chini wa mji. Na mnunuzi makini huangalia jina kabla ya kuangalia rangi, kwa sababu anajua kwamba maneno hayo yatazungumza kwa niaba yake atakapoivaa au atakapomtunukia mwingine. Dini nazo zimeipa nia nafasi ya mbele: mkusanyiko wa hadithi za Mtume uliofanywa na Imam Bukhari unaanza na hadithi iliyopokewa na Umar ibn al-Khattab, inayofundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia za watendaji. Kwa upande wa Wakristo, Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, lina desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, ya waumini kupewa aya fupi ya Biblia ya kuwaongoza kwa siku nzima. Mataifa yamefanya vivyo hivyo, kwani nembo ya Kenya imebeba neno "Harambee" na ile ya Tanzania imebeba maneno "Uhuru na Umoja". Linalobaki kwa msomaji ni kulifanya kwa utaratibu, kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, jambo ambalo jamii yake imekuwa ikilifanya kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: kuamua mwaka unaanza lini

Mwaka 2014 watafiti watatu wa Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu huelekea zaidi kushughulikia malengo yao, kama vile kwenda kwenye mazoezi, mara tu baada ya tarehe zinazotenganisha wakati, zikiwemo mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa mwaka na wa muhula wa masomo, na pia baada ya siku ya kuzaliwa. Waliiita hali hiyo athari ya mwanzo mpya, na maelezo yao ni kwamba tarehe ya namna hiyo humwezesha mtu kuyaona makosa yake kuwa ya kipindi kilichokwisha, akajipa ruhusa ya kuanza tena. Jambo la kuzingatiwa katika matokeo hayo ni kwamba nguvu haiko katika tarehe 1 Januari peke yake, bali katika tarehe yoyote ambayo mhusika anaitambua kuwa ni mpaka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mipaka mingi ya kuchagua, na inafaa achague ule unaolingana na shughuli inayomtawala. Mwanafunzi na mwalimu wa Tanzania huuona mwaka ukianza Januari, pamoja na mwaka wa masomo. Mtumishi wa serikali nchini Tanzania, Kenya au Uganda huishi pia kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Mwislamu ana mwezi wa Muharram, unaofungua mwaka wa Hijria wenye siku 354 au 355. Na mkulima anayetegemea mvua huhesabu misimu yake kwa vuli na masika. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka wa jua wa Waswahili hufunguliwa mwezi Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ambamo wanaume hupambana kwa mabua ya migomba ili chuki zilizolimbikizwa zitolewe hadharani na kwisha, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Sherehe hiyo ina funzo kwa kila anayechagua kaulimbiu, popote alipo: mwaka hufunguliwa vizuri zaidi baada ya hesabu za mwaka uliopita kufungwa, na kwa sababu hiyo madeni yanayolipika, radhi zinazostahili kuombwa na vitu vya watu vinavyopaswa kurudishwa vishughulikiwe kwanza.

Hatua ya pili: kuukagua mwaka uliopita

Kosa la kawaida ni kuanza na methali inayopendeza na kisha kutafuta mahali pa kuitumia, ilhali utaratibu sahihi ni kuanza na hali na kuitafutia methali. Ukaguzi unahitaji karatasi, kalamu na saa moja ya utulivu, na unaweza kuongozwa na maswali matatu. Swali la kwanza ni uamuzi upi mbaya uliorudiwa mara nyingi katika mwaka uliopita, kwa maana kosa lililotokea mara moja tu, hata likiwa kubwa, halihitaji kaulimbiu. Swali la pili ni jambo gani lilimtangulia mtu kila alipouchukua uamuzi huo, yaani alikuwa wapi, na nani, na saa ngapi. Swali la tatu ni jambo gani jema lilikuwa limeanza na likakatika, na lilikatika kwa sababu gani.

Majibu ya maswali hayo huonyesha mara nyingi kwamba matatizo yanayoonekana kuwa mengi yana mzizi mmoja. Mwenye duka ambaye bidhaa zake zinanunuliwa haraka lakini mtaji wake unapungua kila mwezi anaweza kudhani kwamba anahitaji juhudi zaidi ya kuuza, na hivyo akavutwa na methali za kuhimiza bidii. Ukaguzi ukimwonyesha kwamba fedha za duka na za nyumbani zinatoka katika mfuko mmoja bila kuandikwa, basi methali inayomfaa ni ile ya daftari, wala si ya bidii. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayefeli kwa sababu husoma wiki ya mwisho tu hana upungufu wa akili wala wa saa, bali ana upungufu wa mwendelezo, na kaulimbiu yake haina budi kuzungumzia kidogo kinachorudiwa.

Hatua ya tatu: kuichagua kauli yenyewe

Baada ya ukaguzi, mchaguaji huandika methali tano au sita zinazogusa mzizi wa tatizo, kisha huzipima kwa vigezo vinne mpaka ibaki moja.

Kigezo cha kwanza ni kwamba kauli ielekee upande wa upungufu wa mtu, si upande wa tabia aliyokwisha kuwa nayo. Methali za Kiswahili hazisemi kwa sauti moja, na huo ndio utajiri wake: "Haraka haraka haina baraka" inasimama kando ya "Ngoja ngoja huumiza matumbo", "Subira huvuta heri" inakabiliana na "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", na "Kidole kimoja hakivunji chawa" inapingana na "Mtegemea cha nduguye hufa maskini". Hakuna methali ya uongo katika jozi hizo, kwa kuwa kila moja ilielekezwa kwa mtu wa namna yake. Hatari iliyopo ni kwamba mtu mzito wa kuamua huipenda methali ya subira kwa sababu inamtetea, na mtu mwenye pupa huipenda ile inayokemea kuchelewa kwa sababu hiyohiyo. Kaulimbiu inayomridhisha mtu papo hapo bila kumdai chochote inapaswa kutiliwa shaka.

Kigezo cha pili ni kwamba kauli iweze kuamua, yaani mtu akiwa na njia mbili mbele yake, maneno hayo yachague moja na kuiacha nyingine. "Akili ni mali" ni kweli, lakini mtu aliyesimama dukani na noti mkononi haambiwi na methali hiyo anunue au asinunue. "Kukopa harusi, kulipa matanga" inamwambia waziwazi kwamba furaha ya kupokea mkopo siyo kipimo cha siku ya kuulipa.

Kigezo cha tatu ni kwamba kauli ielekeze kwenye tendo la kufanywa, si kwenye jambo la kuepukwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini Sweden na Martin Oscarsson na wenzake na kuchapishwa mwaka 2020, ambao uliwafuatilia watu 1,066 waliokuwa wameweka maazimio ya mwaka mpya, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 58.9 ya wale ambao maazimio yao yalihusu kuanza au kuongeza jambo walijiona wamefanikiwa, wakati miongoni mwa wale ambao maazimio yao yalihusu kuacha au kuepuka jambo kiwango kilikuwa asilimia 47.1. Takwimu hizo zinatokana na kauli za washiriki wenyewe, na kwa hiyo zichukuliwe kwa tahadhari, lakini mwelekeo wake unaafikiana na hekima ya methali kama "Usipoziba ufa utajenga ukuta", ambayo ingawa imeanza kwa kukanusha, inampa msikilizaji kazi ya kufanya, nayo ni kuziba. Methali ambayo ni onyo tupu inaweza kutumika pia, ilimradi mchaguaji aandike pembeni yake tendo linalochukua nafasi ya lile linaloonywa.

Kigezo cha nne ni usalama wa kauli kwa anayeichagua. "Mvumilivu hula mbivu" ni mwongozo bora kwa fundi anayejifunza kazi au kwa mgonjwa anayefuata tiba ndefu, lakini si mwongozo kwa mtu anayepigwa nyumbani kwake, anayenyimwa mshahara aliouchuma au anayedhalilishwa na mwenye mamlaka juu yake, kwa maana katika hali hizo uvumilivu humlinda mkosaji na kumwacha aliyekosewa katika hatari. Mtu wa namna hiyo anahitaji kauli ya kutafuta msaada na kuondoka penye madhara, na hakuna mwongozo wowote wa mwaka unaopaswa kumwambia vinginevyo.

Hatua ya nne: kuifunga kauli kwenye wakati na mahali

Kauli iliyochaguliwa vizuri bado ni maneno, na tofauti kati ya maneno na mwenendo huletwa na kile ambacho mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alikiita nia ya utekelezaji. Nia ya kawaida husema jambo linalotakiwa, ilhali nia ya utekelezaji husema pia ni lini, wapi na kwa namna gani jambo hilo litafanywa, kwa muundo wa "ikitokea hali fulani, tendo fulani litafuata". Mwaka 2006 Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya pamoja majaribio 94 juu ya suala hilo, wakaona kwamba watu waliounda nia za namna hiyo walitimiza malengo yao kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliokuwa na nia ya jumla peke yake, kwa kuwa hali iliyotajwa, inapotokea, humkumbusha mtu tendo bila yeye kulazimika kuanza kujishawishi upya.

Kwa hiyo kila kaulimbiu iandikwe pamoja na matendo mawili au matatu yaliyofungwa kwenye hali zilizo wazi. Mifano ifuatayo inaonyesha namna ya kufanya hivyo.

Kwa mwenye duka au genge aliyechagua "Mali bila daftari hupotea bila habari", duka linapofungwa jioni, mauzo na matumizi ya siku huandikwa kabla fedha hazijatolewa kwenye sanduku, na kinachochukuliwa kwa ajili ya nyumbani huandikwa kama kilichotumika, hata kikiwa ni mkate mmoja.

Kwa mwanafunzi aliyechagua "Haba na haba hujaza kibaba", kurasa chache zilizopangwa husomwa kila siku mara baada ya chakula cha jioni, kabla simu haijashikwa, na siku ya mtihani haibadilishi kiasi hicho bali huongeza marudio tu.

Kwa mkulima wa mahindi aliyechagua "Usipoziba ufa utajenga ukuta", siku moja katika wiki hutengwa kwa ajili ya kulikagua shamba mstari kwa mstari tangu mimea ikiwa michanga, kwa sababu viwavijeshi vamizi, ambao waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, hujificha ndani ya moyo wa mmea, na ni rahisi zaidi kuwadhibiti wakiwa wadogo kuliko wakati majani yamekwisha kutobolewa.

Kwa mtu aliyelemewa na mikopo ya simu na kuchagua "Kukopa harusi, kulipa matanga", hamu ya kukopa inapomjia, ombi huahirishwa hadi asubuhi ya siku inayofuata, na kabla ya kutumwa huandikwa kwenye karatasi kiasi kitakacholipwa pamoja na ada, tarehe ya kulipa, na mahali fedha hizo zitakapotoka.

Kwa mzazi mwenye hasira za haraka aliyechagua "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi", mtoto anapokosea, jambo la kwanza huwa ni kumuuliza kilichotokea na kusikiliza jibu mpaka mwisho, na adhabu, kama inastahili, huamuliwa baada ya hapo.

Ikumbukwe kwamba katika mifano yote tendo ni dogo kiasi cha kuweza kufanywa hata siku ya uchovu, na hali inayoliita tendo hilo ni jambo linalotokea lenyewe, kama vile kufunga duka au kumaliza kula.

Hatua ya tano: kuiweka machoni na kuipitia

Kaulimbiu isiyoonekana husahaulika, kwa hiyo iandikwe mahali ambapo uamuzi wenyewe hufanyika: ya matumizi ya fedha ikae ndani ya pochi au kwenye jalada la daftari la mauzo, ya masomo ikae juu ya meza, na ya maneno ya nyumbani ikae sebuleni, ambapo hata kanga yenye jina linalolingana nayo inaweza kutundikwa. Kuiandika kwa mkono ni bora kuliko kuihifadhi kwenye simu pekee, kwa kuwa simu hiyohiyo ndiyo inayoleta mambo mengi ya kumsahaulisha mtu.

Kuhusu ufuatiliaji, mfano maarufu katika historia ni wa Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye katika karne ya 18 aliorodhesha maadili 13, akayatengenezea kijitabu chenye mistari ya siku za wiki, akawa anaweka alama nyeusi kila alipokosea, huku akilipa kila adili wiki yake moja ya uangalizi wa karibu, hivi kwamba mzunguko wa wiki 13 ulirudiwa mara nne katika mwaka wa wiki 52. Franklin mwenyewe alikiri katika maandishi ya maisha yake kwamba hakuufikia ukamilifu alioutaka, lakini alishikilia kwamba jitihada hiyo ilimfanya mtu bora kuliko ambavyo angekuwa bila hiyo. Mwenye kaulimbiu moja ana kazi nyepesi zaidi: alama moja kwa siku, ya kuonyesha kama tendo lilifanyika au la, inamtosha.

Muda unaohitajika kwa tendo kuzoeleka ni mrefu kuliko inavyodhaniwa. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika uchunguzi uliochapishwa rasmi mwaka 2010 na uliowahusisha watu 96 waliojitahidi kufanya tendo moja kila siku kwa ishara ileile, walikadiria kwamba muda wa tendo kuwa la kawaida ulikuwa kati ya siku 18 na siku 254, huku muda wa katikati ukiwa siku 66. Matokeo hayo yana faraja pia, kwa sababu yalionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuvunja mazoea yaliyokuwa yanajengwa. Mtu anayeiacha kaulimbiu yake kwa sababu ya kuteleza mara moja mwezi Februari anaacha jambo ambalo huenda lilikuwa bado halijapata muda wake wa kuota mizizi.

Mapitio ya kina yafanywe mara nne kwa mwaka, mwishoni mwa kila robo, kwa kujiuliza kama kauli imeamua jambo lolote katika miezi mitatu iliyopita, kama matendo yaliyofungwa nayo bado yanawezekana, na kama hali ya maisha imebadilika kiasi cha kudai kauli nyingine. Kubadilisha kaulimbiu kunaruhusiwa wakati wa mapitio tu, na kamwe kusifanywe siku ya kuvunjika moyo, kwa maana siku hiyo mtu hutafuta unafuu zaidi ya kutafuta mwongozo.

Kaulimbiu ya familia na ya kikundi

Kaulimbiu hupata nguvu ya ziada inaposhikwa na watu wengi kwa pamoja, na Tanzania ina mfano ulio wazi wa jambo hilo. Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970, Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake zikateuliwa wilaya sita ambazo zilipewa lengo la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa mwaka 1971. Mwaka 1973 ilifuata kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili kupitia vikundi vya kujifunza. Kauli yenyewe ilikuwa na maneno matatu tu, lakini nyuma yake kulikuwa na vipindi vya redio vya kila wiki, vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo, na kazi za mikono zilizofuata mazungumzo, kama vile kuchimba vyoo, kufyeka nyasi zinazozunguka nyumba na kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Wanakikundi walisikiliza, wakajadili, kisha wakatenda pamoja, na mpangilio huo ndio ulioitofautisha kauli hiyo na bango la ukutani.

Familia, kikundi cha vikoba nchini Tanzania au chama cha akiba nchini Kenya kinaweza kufuata mpangilio huohuo kwa kiwango chake. Kikao kimoja huitishwa mwanzoni mwa mwaka, kila mmoja, wakiwemo watoto na wale ambao kwa kawaida hawasemi, hutaja jambo lililowarudisha nyuma mwaka uliopita, kisha kauli moja huchaguliwa kwa makubaliano na kila mtu hupewa tendo lake. Mkubwa wa nyumba anapaswa kuwa wa kwanza kujipangia tendo, na akubali kukumbushwa, kwa sababu kaulimbiu inayotumiwa na wakubwa kuwakaripia wadogo huku wao wenyewe wakiwa nje yake hugeuka kuwa mzigo. Kwa sababu hiyohiyo, kauli isichaguliwe kama kijembe cha kumlenga ndugu, wifi au jirani. Kusema na mwingine kwa mafumbo kuna mahali pake katika utamaduni wa Waswahili, lakini kaulimbiu ya mwaka ni neno ambalo mtu hujielekezea mwenyewe kwanza.

Mambo ya kuepuka

Yapo makosa machache yanayostahili kutajwa kwa ufupi. Kuchagua kauli mbili au tatu kwa wakati mmoja huirudisha orodha ndefu kwa mlango mwingine, na kila moja huipunguzia nyingine nguvu. Kuchukua kauli ya mtu mwingine kwa sababu imemletea mafanikio ni kutumia dawa ya ugonjwa wa jirani. Kuitangaza sana kabla ya kuifanyia kazi humpa mtu sifa ambayo bado hajaistahili, na sifa ya mapema hupunguza hamu ya kutenda. Mwisho, kuitegemea kaulimbiu kutatua yale yanayohitaji daktari, mwanasheria au mshauri ni kuidai zaidi ya uwezo wake, kwani kazi yake ni kumsaidia mtu katika maamuzi yaliyo mikononi mwake.

Msomaji anayekusudia kuifuata njia hii hana haja ya kusubiri zaidi ya jioni moja. Na aukague mwaka wake kwa ukweli, achague methali inayomdai badala ya ile inayomsifu, aandike chini yake tendo moja, saa yake na mahali pake, kisha alifanye tendo hilo kesho yake. Penye nia pana njia, lakini njia hiyo haijulikani mpaka mwenye nia aanze kuikanyaga.